Mwaka Kilipovunjika Kichwa cha Mtoto wa Praha

Tulimzika Sista Attracta Jumanne, asubuhi ya baridi kavu ya Juni, ile inayopasua midomo. Misa ilisomwa katika kikanisa cha nyumba ya wazee kule Randburg, ambako masista wenzake walikuwa wamehamishiwa mmoja mmoja kadiri magoti yalivyowashinda, na ambako mmoja mmoja walikuwa wamekwisha. Yeye alikuwa wa mwisho. Padri kijana aliyekuja kumzika hakumjua, akayasoma maisha yake kwenye karatasi: amezaliwa Mayo, Ayalandi; amefika Johannesburg akiwa na miaka kumi na minane; amefundisha, amefundisha, amefundisha. Baadaye tukapelekwa ukumbini kunywa chai na sandwichi za mayai, wanawake wenye mvi na miwani ambao zamani tulivaa blazeri moja ya kijani. Mmoja wao, ambaye jina lake lilinitoka kabisa, akanishika mkono. "Tumaini! Bado unafanya ile kazi ya kusemea watu?" Nikacheka, nikasema ndiyo. Mimi ni mkalimani wa mahakama, Kiswahili na Kiingereza, mwaka wa ishirini sasa, na sijasikia kazi yangu ikitajwa kwa jina linaloniuma namna ile. Kusemea watu! Nikaenda kumalizia chai yangu dirishani.

Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka kumi na sita. Habari za ukoo tuziache. Inatosha mjue kwamba mama yangu ni mwanamke wa Morogoro aliyeolewa na mkimbizi wa siasa wa huku, akamfuata alipoweza kurudi kwao, na kwamba ndani ya nyumba yetu tuliongea Kiswahili na nje ya mlango Kiingereza na Kizulu. Jina la shule sitalitaja. Imeshauzwa, na walio nayo leo hawana kosa lolote katika haya. Ilikuwa upande wa kusini wa jiji, juu ya kilima, karibu na uwanja wa farasi wa Turffontein, kiasi kwamba Jumamosi tulioitwa shuleni kwa adhabu tulisikia kipaza sauti cha mbio kana kwamba kiko uani. Matofali mekundu, bati la kijani, varanda ndefu iliyonuka nta ya sakafu na kabichi. Masista wa kwanza walikuja na kila kitu vichwani mwao na wakakijenga upya huku bila kubadilisha hata dirisha: kengele ileile, ratiba ileile, picha zilezile za watakatifu wenye macho ya kuangalia juu. Kila Machi bahasha ilifika kutoka Ayalandi imejaa vijani vya majani matatu-matatu, alama ya nchi yao, vimenyauka njiani, na sisi tukabandikwa kifuani kwa pini, Wazulu, Wareno, Wahindi na mimi, tukaimba juu ya mtakatifu aliyefukuza nyoka katika nchi ambayo hatukuijua. Nyoka wa kwetu walibaki palepale kwenye mawe nyuma ya choo.

Mwaka ule nilikuwa kiranja, na kazi ya kiranja wa darasa la kumi ilikuwa kubeba sinia la chai saa nne mpaka chumba cha wageni cha masista. Nilikipenda na kukiogopa chumba kile. Kapeti la maua, saa ya ukutani iliyokohoa kabla ya kulia, viti ambavyo hakuna aliyeviegemea. Wakati huo masista walikuwa wamebaki watano. Mtu anayebeba sinia haonekani, kwa hiyo nilisikia mengi. "Hakuna tena wasichana wanaoingia," mmoja angesema akikoroga sukari. "Kwetu nyumba za masista zinageuzwa hoteli." Mwingine angejibu kwamba basi watafundisha mpaka wadondoke. Sista Attracta, mkuu wa shule, hakupenda mazungumzo hayo. Angeyakata kwa kusimulia shule yake ya kijijini, chumba kimoja na jiko moja, ambako kila mtoto asubuhi alikuja na kipande cha udongo mkavu, ule wa kwao unaowaka kama kuni, mkononi, na aliyesahau alikaa mbali na moto. Siku moja alifika sista mgeni mwenye picha za Afrika, akauliza nani atakwenda kuwafundisha watoto wale. "Niliinua mkono kwa sababu Nora aliyeketi karibu nami aliinua," alisema. "Kisha Nora akabadili mawazo." Wakacheka wote, na yeye akacheka zaidi yao, lakini niliona akikoroga chai ambayo hakuitia sukari.

Juu ya meko ya chumba kile alisimama Mtoto wa Praha, sanamu ya Yesu mdogo mwenye taji na joho jekundu, mkono mmoja umeinuliwa kubariki, mwingine umeshika dunia kama chungwa. Sista Attracta alipewa na mama yake siku ya kuondoka. Enzi zile sista akitoka kwao ametoka. Mama yake alikufa bila kumwona tena. Kwao kulikuwa na desturi: ukitaka siku isinyeshe, iwe ya harusi au ya mashindano, jioni ya kuamkia siku hiyo unamtoa Mtoto wa Praha nje na kumweka chini ya ua, naye anazuia mvua. Johannesburg mvua za msimu wa joto hazimsikilizi mtu, saa tisa alasiri lazima zipige ngurumo, lakini Sista hakukubali. Kabla ya kila siku ya michezo sanamu ililala bustanini chini ya waridi, na kiranja ndiye aliyeitoa na kuirudisha. Mwaka ule kiranja huyo alikuwa mimi, na nilivimba kichwa kwa heshima hiyo, msinione hivi.

Nsimire alikuja mwanzoni mwa mwaka huohuo. Walikuwa wametoka Bukavu, yeye na mama yake, na mama alikuwa anasuka nywele katika saluni ya Rosettenville. Karatasi zao za ukimbizi zilikuwa hazijatoka. Shule nne zilikuwa zimemkataa. Kila moja ilisema leteni karatasi, na karatasi zilikuwa katika ofisi ambayo foleni yake ilianza alfajiri na kufungwa kabla hujafika mlangoni. Sista Attracta alimpa mtihani wa hesabu, akausahihisha mbele ya mama mtu, akasema, "Mtoto ana kichwa. Karatasi tutazitafuta baadaye." Akampa na blazeri ya akiba kutoka kabatini. Mimi ndiye niliyetafsiri siku ile, na mama Nsimire alinishika mashavu kwa mikono yake yenye harufu ya mafuta ya nywele. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, akacheka sana. "Ile sisi hatusemake. Sema tu jambo, mwanangu." Alinisifu kwamba Kiswahili changu ni cha redio.

Nsimire akaketi nami. Alikuwa mrefu, mtaratibu, anasikiliza kwanza. Kiingereza alikijenga kwa kukopa Kiswahili na Kifaransa pale kilipokuwa na mashimo, na kwa kuwa sheria ya shule ilikuwa Kiingereza tu, tulinong'onezana Kiswahili nyuma ya vifuniko vya madawati, mimi nikimcheka kwa "njo vile" yake, yaani ndivyo hivyo, yeye akinicheka kwa "jamani" yangu. Mama yake aliuza pipi na jojo mlangoni mwa saluni, kwa hiyo mfukoni mwake hapakukosa jojo ya pinki, ingawa kutafuna jojo shuleni kulikuwa dhambi iliyofuata baada ya uzinzi. Sikuwahi kuwa na dada. Nasema hili ili mjue nilichokuwa nacho.

Siku ya michezo ilikuwa Jumatano. Niliwahi shuleni, nyasi bado zina umande, nikamtoa Mtoto wa Praha chini ya waridi nikiwa namwimbia kidogo. Penye ngazi ya jikoni viatu vyangu vilivyolowa viliteleza. Sikuanguka. Ningeanguka ingekuwa afadhali. Niligonga tu nguzo kwa kiwiko, na kichwa cha Mtoto kikang'oka shingoni, safi kabisa, kikabiringika mpaka penye sufuria ya uji iliyoanikwa hapo nje. Nikakiokota. Taji lilikuwa zima, uso mzima, ananitazama na kutabasamu vilevile. Nilisimama pale nikisikia viatu vya masista ghorofani, na akilini mwangu kulikuwa na jambo moja tu: mama yake alimpa akiondoka. Nsimire alikuwa ameshafika, anafunga kamba za viatu varandani. Nikamwendea, mwili wa sanamu nimeuficha chini ya sweta, nikamwambia, "Nipe jojo, haraka." Hakuuliza. Akanipa mbili. Nilizitafuna zote pamoja mpaka taya zikauma, nikakigandisha kichwa, nikamrudisha Mtoto juu ya meko, nikageuza uso wake kidogo kuelekea ukutani. Siku nzima jua liliwaka na hapakuwa na wingu, na Sista Attracta alitembea uwanjani na mwavuli aliokataa kuufungua, ameshinda.

Kesho yake, Alhamisi, nilikuwa na sinia, na Nsimire alikuwa amenisaidia kubeba birika la maji ya moto, jambo lisiloruhusiwa lakini lililokuwa likitendeka. Sista Attracta alikuwa peke yake chumbani. Alikuwa na furaha, anamsifu Mtoto wake, akamwinua kutoka juu ya meko ili amfute vumbi. Kichwa kikabaki mkono wa kushoto na mwili mkono wa kulia, na kati yao uzi mrefu wa jojo ya pinki. Nsimire, aliyekuwa karibu naye zaidi, akaweka birika chini, akaweka mikono kifuani, akasema kwa huruma iliyojaa usoni pote, kama ambavyo angesema mtu yeyote aliyelelewa na lugha yetu akiona mwenzake amepatwa: "Oh! Sorry, Sista. Sorry. Sorry sana."

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Sisi tukimwona mtu amejikwaa tunamwambia pole, na hatujamkwaza sisi. Kiingereza cha shuleni kilitufundisha kwamba pole ni sorry, na samahani ni sorry, na hapo kikaishia. Sista Attracta alimtazama Nsimire, akaitazama jojo, akamtazama tena. "Asante kwa kuungama," alisema kwa sauti ndogo. "Na hii? Hii ya kunidanganya kwa uchafu wa kutafuna?" Nsimire hakuelewa. Akarudia, sasa kwa hofu, sorry, sorry. Kisha macho yake yakafika kwenye ule uzi wa pinki, yakatulia hapo, na polepole yakanigeukia mimi. Alijua. Nilimwona akijua. Akasubiri. Na mimi nikapanga vikombe kwenye sinia, vishikio vyote vikielekea upande mmoja.

Siku ya Ijumaa mama yake akaitwa. Mtakisia nani aliitwa kutafsiri. Tulikuwa wanne ofisini, Sista nyuma ya meza, mama Nsimire kwenye kiti cha mbao na kitambaa chake kizuri cha kichwani, Nsimire amesimama, na mimi katikati. Kabla ya hapo Nsimire alikuwa amemwambia Sista, kwa Kiingereza chake chote, kwamba hakuvunja kitu. Hilo ndilo lililommaliza. Masista wale walikuwa na mizani yao, wameitoa katika shule walizolelewa: kosa linasameheka kabla hujamaliza kulisema, lakini uongo unaoza mpaka kwenye mfupa.

"Mwambie," Sista alianza, "kwamba sanamu si kitu. Jana binti yake alikiri mbele yangu mara tatu. Leo anakana. Nilimpokea bila karatasi kwa sababu nilimwamini. Mwongo siwezi kumweka."

Nikatafsiri. Sauti yangu ilikuwa nzuri, nakumbuka, haikutetemeka. Mama Nsimire akamgeukia binti yake.

"Nsimire. Njo weye ulivunja?"

"Hapana, mama."

"Sasa juu ya nini ulisema sorry?"

"Nilikuwa namupa pole, mama. Kitu yake iliharibika, nikamupa pole tu."

Mama mtu akashusha pumzi, uso ukamfunguka, akanigeukia kwa imani yote. "Umesikia, mwanangu? Alimupa pole. Mwambie Sista. Alimupa pole tu."

"Anasema nini?" Sista akauliza.

Nimesimama mahakamani miaka ishirini, nimetafsiri mauaji, talaka na wizi wa nyaya, na swali fupi kama lile halijanielemea tena. Ningeweza kueleza. Sentensi tatu zingetosha: kwa lugha yetu, Sista, kuna sorry mbili, na hii aliyosema si ya mkosaji. Lakini nikieleza, swali litakalofuata ni nani basi, na Nsimire alikuwa ananitazama. Nikasema kwa Kiingereza safi, "Anasema alikuwa anasema sorry."

Kila neno lilikuwa la kweli. Hakimu yeyote angelipitisha. Sista Attracta akafumba macho. "Basi amekiri tena, mbele ya mama yake," alisema, na hilo nikalitafsiri lote, tena vizuri. Mama Nsimire alinitazama mimi, si Sista. Akainuka. "Mutoto yangu hasemake bongo," alisema, na bongo kwao ni uongo. "Mwambie ile vile nimesema." Nikamwambia. Sista akajibu kwamba kila mama husema hivyo, na hilo nikaliacha chini, sikulitafsiri. Mama Nsimire akamvua binti yake blazeri palepale, akaikunja mikono ndani, kola juu, akaiweka juu ya meza. Wakatoka. Nsimire alipita karibu nami kiasi kwamba shati lake liliugusa mkono wangu, na hakusema neno. Angeweza kusema. Alikuwa na jina langu mdomoni tangu jana yake na hakulitoa. Sikuwa na uso wa kumtazama.

Jumamosi nilikula matonge mawili. Mama alikuwa amepika wali wa nazi na maharage, chakula cha kunibembeleza, na baba alikuwa anasoma gazeti akiniangalia pembeni. Baadaye mama aliongea na simu jikoni, na rafiki yake mmoja wa Kitanzania aliyeishi mtaa wa Observatory. Mji huu ni mkubwa lakini wa Kiswahili ni kijiji. "Yule mtoto wa Kikongo kafukuzwa," nilimsikia. "Eti kavunja Yesu. Makusudi! Wanasema alimpiga chini." Kimya. "Sasa nani atamchukua bila karatasi, shoga yangu? Ndiyo basi tena. Atakaa saluni kufagia nywele mpaka apate bwana." Akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka mambo ya dunia, kisha akauliza bei ya samaki. Nilikuwa nimesimama kwenye korido na sahani mkononi. Siku tatu tu zilikuwa zimepita na kichwa kilichong'okea mkononi mwangu kilikuwa kimeshageuka kuwa Yesu aliyepigwa chini na Nsimire, na shule ya sita isingekuwepo. Niliichukia sauti yangu nzuri. Niliilaumu Ayalandi nzima, na jojo, na ngazi ya jikoni, na kila nilipomaliza kulaumu nilijikuta nimerudi mwenyewe.

Jumatatu, kabla ya kengele, niligonga mlango wa ofisi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini nilipoingia yote ilinitoka. "Ni mimi, Sista. Nilimvunja mimi. Jojo nilitafuna mimi. Nsimire hajui kitu, yaani, anajua, lakini hakufanya kitu. Alikuwa anakupa pole." Nikaanza kulia, kile kilio cha kamasi.

Sista Attracta akafungua droo, akamtoa Mtoto wa Praha, mwili na kichwa, akavilaza juu ya meza. "Unajua," alisema, "kwetu wanasema Mtoto wa Praha ambaye hajavunjika kichwa hana bahati. Lakini lazima kivunjike chenyewe, kwa ajali. Cha bibi yangu kilivunjika mara tatu. Hiki nilikaa nacho miaka yote, kizima, nikijiuliza kitavunjika lini. Ungekuja kuniambia Jumatano asubuhi, Tumaini, ningecheka mpaka nikae chini." Akanitazama, na macho yake ya buluu hayakuwa na kicheko hata chembe. "Vaa blazeri yako."

Tulishuka kilima kwa miguu, yeye na viatu vyake vya kamba na ile blazeri nyingine imekunjwa kwapani, mimi hatua moja nyuma. Kwenye robot ya kwanza, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, tulisimama kusubiri taa, akaniambia nimweleze sasa hiyo pole. Nikamweleza. Pole ni ya aliyepatwa, samahani ni ya aliyekosa. Taa ikawa ya kijani, watu wakavuka, yeye hakuvuka. "Bibi yangu alikuwa nayo yote mawili," alisema hatimaye. "Katika Kiayalandi. Moja unasema huzuni iko juu yangu. Jingine unamwomba mtu apokee nusu ya hadithi yako, yaani kisingizio chako. Shuleni, alipokuwa mtoto, walimvisha kijiti shingoni. Kila neno la Kiayalandi, alama moja ya kisu juu ya kijiti, na jioni alama zikalipwa kwa fimbo. Alipofika kwangu lilikuwa limebaki neno moja, la Kiingereza, nikalibeba mpaka huku kuwafundisha ninyi." Taa ikarudi nyekundu. Alikuwa anaongea na barabara zaidi kuliko mimi.

Saluni ilikuwa chumba kimoja kati ya spaza, kiduka cha mtaani, na fundi wa simu. Wateja watatu, mmoja nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Redio ikazimwa. Mama Nsimire hakuacha kusuka. Nyuma, karibu na ndoo, Nsimire alikuwa na ufagio, anafagia nywele, na nilipomwona na ufagio ule nilitamani ardhi inimeze. Sista Attracta akasimama katikati ya chumba, kanga za wateja zikimgusa magoti, akasema kwa Kiingereza, "Nimekuja kusema sorry."

Nikafungua mdomo. Mama Nsimire akainua kitana, akanizuia.

"Ile nimesikia. Sorry najua." Vidole vyake viliendelea kusuka. "Muulize. Njo sorry gani? Ananipa pole, ao anaomba musamaha?"

Nikamtafsiria Sista, neno kwa neno, bila kupunguza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya kazi hii kwa haki. Uso wa Sista ukawa mwekundu kutoka shingoni. Alikuwa mkuu wa shule tangu kabla sijazaliwa. Maaskofu walikunywa chai yake. Akasema, "Mwambie ni ya pili. Mwambie kosa ni langu. Sikumuuliza mtoto, niliuliza neno."

"Anaomba msamaha, mama," nilisema. "Anasema kosa ni lake. Anasema hakumuuliza Nsimire, aliuliza neno tu."

Mama Nsimire akamaliza msuko, akaufunga mwisho kwa uzi, akaukata kwa meno. "Nimepokea," alisema. Kisha akageuka kabisa kwa mara ya kwanza, akanitazama mimi, na wanawake wote mle ndani wakageuka naye. "Na weye? Yako iko wapi?"

Hapakuwa na wa kunisemea. Nilimtafuta Nsimire kwa macho, alikuwa ameegemea ufagio. Nikasema. Nilisema samahani kwa mama yake, na nikasema samahani kwake, kwa jina, na nikasema kosa lilikuwa nini, ngazi, nguzo, jojo, na lile la ofisini ambalo lilikuwa baya kuliko yote, kwamba nilijua. Nilijua na nikasema lile jingine. Mteja wa nusu kichwa akasema "Eish" kwa sauti ya chini. Mama Nsimire akachukua blazeri kutoka kwa Sista, akaikung'uta kana kwamba ina vumbi, akamwonyesha binti yake. "Utarudia ku shule?" Nsimire akafikiri. Akaweka ufagio ukutani, akaivaa.

Alirudi darasani siku ya pili. Nilikuwa nimefuta dawati letu lote, upande wake na wangu, na nilikuwa nimejizoeza njiani nitakachosema. Nikamnong'oneza, "Karibu, dada. Umeamkaje?" Akaketi, akatoa madaftari yake, akayapanga. Kisha akanijibu kwa Kiingereza, taratibu, kila neno mahali pake, kwamba ameamka vizuri, asante, na mimi je. Nilidhani ni sheria ya shule. Nikasubiri mapumziko. Nikasubiri wiki. Tulikaa dawati moja mpaka tukamaliza, alinisaidia hesabu, alikuja kwenye harusi yangu na zawadi ya mashuka mazuri, hajawahi kunitendea baya wala kunikumbusha, na neno la Kiswahili hajaniambia tena.

Jumanne ile Randburg alinikuta dirishani na kikombe changu kitupu. Ni mfamasia sasa, ana watoto watatu, bado mrefu, bado anasikiliza kwanza. Aliniuliza hali ya mume wangu na mgongo wangu, kwa Kiingereza chake kizuri kilichozidi changu, nami nikamjibu kwa Kiingereza. Mama yake alikuwa ameketi kati yetu, amejikunyata ndani ya blanketi, mzee sana. Nsimire akainama, akamfunga blanketi vizuri shingoni. "Mama, unasikia baridi? Tuende nyumbani?" alimuuliza, kwa Kiswahili kilekile cha nyuma ya kifuniko cha dawati. Mama yake akasema bado, anataka chai nyingine. Nilisimama palepale mkono mmoja kutoka kwao, nikielewa kila kitu, na hakuna aliyehitaji mkalimani.